Kulala kwenye treni ya usiku India: namna ya kuchagua kitanda, kupanda na kushuka salama

Watu wetu wengi wanaokwenda India hawaendi matembezi. Mmoja kampeleka mama hospitali Chennai, mwingine ameanza chuo Pune, mwingine amefuata vitambaa Surat. Ndege inakushusha Mumbai au Delhi, na safari yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Kwa umbali wa namna hiyo mimi naipendekeza treni ya usiku kuliko basi, na mara nyingi hata kuliko ndege ya ndani. Unapanda jioni, unalala umenyooka, unaamka mji mwingine, na pesa ya hoteli ya usiku mmoja imebaki mfukoni. Mumbai hadi New Delhi ni karibu kilomita 1,400, na Rajdhani Express huondoka Mumbai Central jioni ikafika asubuhi, kama saa 16 hivi njiani. Chennai hadi Bengaluru ni usingizi wa usiku mmoja tu.

Usiku huo unaweza kuwa mtamu, unaweza kuwa mchungu. Tofauti hutokana na mambo yanayoamuliwa kabla hujakanyaga stesheni: daraja gani, kitanda kipi, stesheni ipi, tarehe ipi. Yote yameandikwa kwenye tiketi, ila kwa vifupisho ambavyo mgeni haelezwi na mtu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kukufundisha kuisoma tiketi hiyo.

Kwanza ondoa picha ya treni za kwetu

Aliyezoea TAZARA, au treni ya reli ya kati kwenda Kigoma, akisikia "daraja la pili kulala" anawaza chumba chenye mlango na vitanda sita, wanaume kwao na wanawake kwao. India si hivyo. Ukiacha daraja la kwanza, hakuna chumba wala mlango. Behewa ni ukumbi mmoja mrefu uliokatwa vipande kwa kuta nyembamba, na njia ya kupita ubavuni iko wazi. Wanaume na wanawake wasiojuana hulala kipande kimoja. Ukisafiri na mama mtu mzima au dada ambaye hajawahi kulala hivyo, mweleze mapema nyumbani, asije akalikuta jambo hilo ndani ya treni saa nne usiku.

Mengine hayatakushangaza. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India. Wachuuzi wanaopita na chai na sambusa, makuli wanaobeba masanduku kichwani, kelele za kuagana dirishani, yote hayo utahisi umewahi kuyaona.

Hatua ya 1: Amua daraja

Kwenye tiketi daraja huandikwa kwa alama fupi. Nitaanzia chini.

SL ni behewa la kulala lisilo na kiyoyozi. Madirisha yanafunguliwa, upepo na vumbi vinaingia, na nauli yake ni ndogo sana. Shuka hupewi. Mchana watu wasio na vitanda huingia wakakaa popote penye nafasi. Mwanafunzi aliyekwisha kuzoea nchi, mwenye begi moja la mgongoni, atasafiri vizuri humo. Kwa safari yako ya kwanza, ukiwa na pasipoti, dola na masanduku, sikushauri hata kidogo.

3A ina kiyoyozi na vitanda vitatu vya kupandana. Nauli yake ni zaidi ya mara mbili ya SL, lakini unapata shuka mbili, mto na blanketi, na wasio na tiketi za humo hawaruhusiwi kuingia. Hapa ndipo familia nyingi za India za kipato cha kati hulala, na ndipo ninapomwelekeza kijana au mtu mzima mwenye afya. Ipo pia 3E, iliyoanza mwaka 2021. Ni 3A iliyobanwa ikaongezwa vitanda, na nauli yake imepunguzwa kidogo.

2A ina vitanda viwili tu vya kupandana, na kila kipande kina pazia. Nauli hufika karibu mara moja na nusu ya 3A. Kwa mgonjwa, mjamzito, mama mwenye mtoto mchanga au mzee, hiyo ni pesa iliyotumika mahali pake. Kwa nini, nitaeleza nikifika kwenye vitanda.

1A ndiyo yenye vyumba vya mlango, vya watu wawili au wanne. Jua tu kwamba unapokata tiketi ya 1A hupewi namba ya kitanda hapo hapo. Chumba hupangwa wakati orodha ya mwisho ya abiria inapotolewa, saa kadhaa kabla ya treni kuondoka. Tiketi isiyo na namba isikutie wasiwasi.

Hatua ya 2: Kielewe kitanda chako

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wageni wanapoumia.

Chukua kipande kimoja cha 3A. Upande mmoja wa njia kuna kuta mbili zinazotazamana, na kila ukuta una vitanda vitatu: cha chini, cha kati, cha juu. Ng'ambo ya njia, sambamba na dirisha, kuna viwili zaidi, cha chini cha pembeni na cha juu cha pembeni. Jumla vinane. Mchana kitanda cha kati hakipo: kimekunjwa ukutani na kimekuwa egemeo la waliokaa kwenye cha chini. Usiku kinanyanyuliwa na kushikiliwa kwa minyororo miwili inayoshuka kutoka juu. Kikishanyanyuliwa, aliye chini hawezi tena kukaa wima, kichwa kinagota.

Sasa fikiria mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo amepewa kitanda cha kati. Apande ngazi nyembamba, ajikunje, aingie ubavu ubavu. Akitaka kwenda chooni usiku, arudie yote hayo gizani. Ndiyo maana nasema mgonjwa alipiwe 2A, kitanda cha chini: humo hakuna kitanda cha kati, atakaa wima muda wowote anaotaka, na pazia litamsitiri.

Vifupisho ni hivi: LB ni cha chini, MB cha kati, UB cha juu, SL cha chini cha pembeni, SU cha juu cha pembeni. (SL hii ya kitanda isikuchanganye na SL ya daraja. Ikiandikwa baada ya namba ya kitanda, inamaanisha pembeni.)

Namba yenyewe pia inasema. Kwa 3A na daraja la SL, gawa namba ya kitanda kwa 8, utazame kinachobaki. Kikibaki 1 au 4 ni cha chini. 2 au 5 ni cha kati. 3 au 6 ni cha juu. 7 ni cha chini cha pembeni. Kisipobaki kitu ni cha juu cha pembeni. Kitanda namba 43, kwa mfano: nane mara tano ni 40, imebaki 3, hicho ni cha juu. Kwa 2A gawa kwa 6: 1 na 3 ni vya chini, 2 na 4 vya juu, 5 cha chini cha pembeni, na kisipobaki kitu ni cha juu cha pembeni.

Kipi kizuri? Anayesafiri peke yake, mwanamume au mwanamke, mwenye miguu ya kupanda, aombe cha juu. Hakuna atakayekuomba ukae wima ili naye apate pa kukaa, unaweza kulala hata mchana, na begi lako dogo linakaa kichwani pako, mbali na mikono ya wapita njia. Kasoro yake ni baridi ya kiyoyozi na taa iliyo karibu na uso. Mtu mrefu akwepe vitanda vya pembeni kwa sababu ni vifupi kuliko vingine, na cha juu cha pembeni kinabana hata kichwa.

Wanawake wenye umri wa miaka 45 na zaidi, wanaume wa miaka 60 na zaidi, na wajawazito wametengewa fungu la vitanda vya chini. Andika umri sahihi wakati wa kukata tiketi ili wapate haki hiyo.

Hatua ya 3: Kata tiketi mapema

Tiketi za kawaida hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Zamani zilikuwa siku 120. Utaratibu ulibadilishwa tarehe 1 Novemba 2024, hivyo puuza maelezo ya zamani utakayoyakuta mtandaoni. Njia kubwa kama Mumbai–Delhi hujaa haraka, hasa karibu na sikukuu ya Diwali na likizo za shule za Aprili hadi Juni. Kwenye Rajdhani ipo sababu nyingine ya kuwahi: nauli hupanda kadiri vitanda vinavyouzwa.

Njia za kukata ni tatu. Ya kwanza ni tovuti au programu ya IRCTC, ambayo ndiyo ya shirika la reli lenyewe. Mgeni anaweza kujisajili kwa namba ya simu ya nje. Ya pili ni dirisha la tiketi stesheni, ukijaza fomu ya karatasi yenye namba ya treni, tarehe, majina, umri na jinsia. Ya tatu ni ofisi za watalii wa kigeni zilizo katika baadhi ya stesheni kubwa, maarufu zaidi ikiwa ya New Delhi. Huko unakwenda na pasipoti, na kuna vitanda vilivyotengwa kwa watalii wa kigeni, vinavyoweza kukatwa hata siku 365 kabla. Fungu hilo ni la watalii. Mwenye viza ya matibabu au ya masomo asilitegemee. Aulize kwanza dirishani, na wakati huo huo ajaribu tiketi ya kawaida.

Ukienda kwenye ofisi hiyo ya New Delhi, mtu mwenye adabu nyingi anaweza kukusimamisha nje akakwambia ofisi imefungwa, imehama, au imeungua, twende nikuonyeshe mpya. Huo ni utapeli wa miaka mingi. Ofisi iko ndani ya jengo la stesheni, haiko ng'ambo ya barabara. Endelea kutembea.

Kuna pia tiketi za dakika za mwisho ziitwazo Tatkal, zinazofunguliwa siku moja kabla ya safari. Tangu Julai 2025 kuzikata mtandaoni kunahitaji akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wa India. Kwa mgeni wa wiki mbili mlango huo umefungwa, kwa hiyo usipange safari ukiutegemea.

Jina kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti. Usinunue tiketi yenye jina la mtu mwingine, hata ukiapiwa kwamba hakuna anayekagua. Wanakagua.

Hatua ya 4: Soma hali ya tiketi

Kulipa si kupata kitanda. Tiketi ina hali tatu.

CNF maana yake kitanda ni chako. Utaona kitu kama CNF/B3/43/UB: kitanda kimethibitishwa, behewa B3, namba 43, cha juu. Herufi ya behewa inafuata daraja: H ni 1A, A ni 2A, B ni 3A, M ni 3E, S ni SL.

RAC maana yake unaruhusiwa kusafiri, lakini mnagawana wawili kitanda kimoja cha chini cha pembeni, mmekaa mnatazamana. Asipotokea mwenye kitanda fulani, mkaguzi anaweza kukupa chake. Kijana atavumilia usiku mmoja. Mgonjwa asisafiri kwa RAC.

WL ni orodha ya kusubiri. Watu wanapoghairi safari, wewe unasogea mbele. Kama umekata mtandaoni na orodha ya mwisho ikatoka bado uko WL, tiketi inajifuta na pesa inarudishwa. Usipande treni kwa tiketi ya WL ukitarajia huruma. Utateremshwa au utalipishwa faini.

Hali hizi hubadilika hadi saa za mwisho. Tiketi ina namba ya tarakimu kumi iitwayo PNR. Iingize kwenye tovuti ya reli, au piga 139, utajua umefikia wapi. Kama una miadi ya daktari isiyosogezwa na tiketi ni WL ya namba kubwa, tafuta treni nyingine siku hiyo hiyo, usisubiri bahati.

Hatua ya 5: Hakiki tarehe na stesheni

Ratiba zote hutumia saa 24. Treni ya 22:50 ni ya saa 4:50 usiku kwa saa zetu. Hilo linajulikana. Mtego uko kwenye treni zinazoondoka baada ya usiku wa manane. Tiketi imeandikwa tarehe 15, 00:20. Kwetu hiyo ni saa sita na dakika ishirini usiku, na mtu akili yake inamwambia "usiku wa tarehe 15". Jioni ya tarehe 15 anafunga virago, anafika stesheni, kumbe treni yake ilikwisha ondoka karibu siku nzima iliyopita. Kwa treni kama hiyo unatoka nyumbani jioni ya tarehe 14. Andika hivyo kwenye karatasi, na uwaambie wote mnaosafiri nao. Kumbuka pia kwamba saa ya India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu, na simu iliyobaki na saa ya nyumbani itakuponza.

Kuhusu stesheni: miji mikubwa ina zaidi ya moja, na zinaweza kuachana kwa safari ya saa nzima kwenye foleni. Mumbai kuna Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, Mumbai Central, Dadar, Bandra Terminus na Lokmanya Tilak Terminus. Delhi kuna New Delhi, Old Delhi, Hazrat Nizamuddin na Anand Vihar. Chennai kuna Central, Egmore na Tambaram. Hyderabad, treni nyingi hushukia Secunderabad au Kacheguda. Anayekwenda hospitali ya CMC Vellore ashuke Katpadi, ambayo ndiyo stesheni kubwa ya kule. Dereva usimwambie "stesheni ya treni". Msomee jina lililo kwenye tiketi.

Hatua ya 6: Funga mzigo wa usiku

Masanduku makubwa na usiku wa treni haviendani. Utaratibu unaruhusu kilo 40 bila malipo kwa 3A na SL, kilo 50 kwa 2A na kilo 70 kwa 1A, lakini kipimo halisi ni nafasi iliyo chini ya kitanda cha chini, ambayo mnagawana. Sanduku la wastani linaingia. Lile kubwa la ndege litabaki njiani, na kila anayepita atalipiga teke.

Ndani ya begi dogo litakaloingia nawe kitandani weka pasipoti, pesa, dawa za siku mbili, simu na betri ya akiba, sweta na soksi. Nasisitiza sweta. Kiyoyozi cha 2A na 3A usiku kinauma hata kama nje ni joto la Chennai. Weka na karatasi za chooni, kwani maji yapo lakini karatasi mara nyingi hazipo. Kandambili vaa mguuni. Viatu vya kufunga kamba vitakuchosha kila ukiamka.

Wanawake, chukueni kanga pea moja, hata mbili. Kitandani ni shuka ya ziada, kwenye 3A isiyo na pazia ni stara, mtoto akilala ni mbeleko, na asubuhi ni taulo. Hakuna kitu kingine chepesi kinachofanya kazi zote hizo.

Nunua mnyororo mwembamba na kufuli. Wachuuzi wanaviuza stesheni kwa bei ndogo. Chini ya kitanda cha chini kuna vishikio vya chuma vilivyowekwa kwa kazi hiyo: pitisha mnyororo kwenye mkono wa sanduku, funga, ulale.

Hatua ya 7: Stesheni

Fika saa nzima kabla. Kwenye stesheni kubwa mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na umati pekee unakula muda. Tafuta namba ya treni, yenye tarakimu tano, kwenye ubao. Usitafute jina, kwa sababu majina hufanana. Ubao utakupa namba ya jukwaa.

Treni ya mabehewa 22 ina urefu wa zaidi ya nusu kilomita. Ukisimama mwisho usio wako utakimbia na masanduku kati ya watu waliolala chini. Kando ya jukwaa, juu, kuna vibao vya taa vinavyoonyesha herufi za behewa litakalosimama pale: B3, A1, S7. Simama chini ya kibao chako. Kama hujakiona, muulize kuli. Makuli rasmi huvaa mashati mekundu na beji ya shaba mkononi. Patana bei kabla hajagusa mzigo, kwa idadi ya mizigo na hadi kitandani, siyo hadi mlangoni.

Treni ikianza kuondoka na behewa lako liko mbali, ingia behewa lolote la kulala lililo karibu, kisha utembee ndani kwa ndani. Kuwa kitandani kwako mkaguzi anapopita, kwa sababu asipokukuta anaweza kumpa kitanda hicho mtu wa RAC. Mwonyeshe tiketi kwenye simu na pasipoti halisi. Nakala haitoshi.

Hatua ya 8: Kuishi na wenzako usiku huo

Kabla ya saa nne usiku, vitanda vya chini ni viti vya wote. Mwenye LB hawezi kumwambia mwenye MB aondoke. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni wakati wa kulala: mwenye kitanda cha kati ana haki ya kukinyanyua, na mwenye cha chini ana haki ya kukilalia bila wageni. Taa zizimwe na simu zipunguzwe sauti. Kuna watakaozungumza hadi saa tano, basi zungumza nao kwa upole. Kaskazini mwanamume mwite "bhaiya", mwanamke "didi". Kusini kwa Watamil sema "anna" na "akka". Ukitanguliza neno hilo, mengi yanalainika.

Utaombwa kubadilishana vitanda. Familia imetawanywa, baba anataka kukaa karibu na watoto. Ukiombwa cha juu kwa cha juu, kubali, ni wema mdogo. Ukiombwa kitanda cha chini cha mgonjwa wako kwa cha kati, kataa, na mwonyeshe mgonjwa bila kuona haya. Watu wa kule wanaheshimu mgonjwa.

Chakula hakisumbui. Rajdhani huleta chakula ikiwa umekilipia pamoja na tiketi. Treni nyingine zina wachuuzi wa chai, biriani, mayai na vitafunwa, na unaweza kuagiza kupitia huduma ya IRCTC ukaletewa kitandani kwenye stesheni ya mbele kwa kutumia PNR. Mwislamu asiyekuwa na uhakika na nyama achague mlo wa mboga. Uko kila mahali na unapikwa vizuri. Maji nunua ya chupa, na kagua kwamba kifuniko hakijafunguliwa. Jirani yako atakukaribisha chakula chake, maana ni watu wakarimu, lakini kumewahi kutokea wasafiri kuleweshwa kwa biskuti au chai ya mgeni wakaibiwa. Familia yenye watoto inayokula kutoka chombo kimoja ni jambo moja. Mwanamume wa peke yake anayekushikilia unywe ni jambo jingine. Sema umeshiba, shukuru, yaishe.

Vyoo viko ncha zote za behewa, vya kuchuchumaa na vya kukalia. Nenda kabla watu hawajaamka. Baada ya saa 12 asubuhi kuna foleni. Simu uchaji jioni, kwani kwenye treni nyingi umeme wa kuchajia huzimwa usiku. Sigara na pombe ni marufuku. Ule mnyororo mwekundu ukutani husimamisha treni, na ukiuvuta bila sababu ya dharura sheria ya reli ya mwaka 1989 inaruhusu kifungo cha hadi mwaka mmoja. Waonye watoto.

Mwanamke anayesumbuliwa asinyamaze. Apaze sauti, wanawake wa jirani watasimama naye, kisha apige 139 ataje namba ya treni na behewa. Namba hiyo hiyo hutumika kwa wizi na kwa mgonjwa anayehitaji daktari, na askari au mganga hupangwa kupanda stesheni inayofuata.

Hatua ya 9: Kushuka

Usitegemee mtu kukutangazia stesheni. Weka kengele ya simu nusu saa kabla ya muda wa kufika, kisha tazama treni imefikia wapi kwenye programu ya Where is my Train, ambayo husoma minara ya simu na hufanya kazi hata bila intaneti. Fanya hivyo kabla ya kuamsha mgonjwa, kwa sababu treni inaweza kuwa imechelewa saa tatu na yeye anahitaji usingizi. Desemba na Januari ukungu wa kaskazini huchelewesha treni hata zaidi ya hapo, kwa hiyo miadi ya hospitali Delhi katika miezi hiyo iweke siku inayofuata.

Kama unashuka stesheni ya njiani, treni inaweza kusimama dakika mbili tu. Fungua kufuli mapema, sogeza mizigo mlangoni, mwenye nguvu ashuke kwanza apokee.

Treni nyingi za usiku hufika alfajiri, na mji bado umefungwa. Usitoke kwenye giza kumfuata dereva aliyekukamata mkono jukwaani. Stesheni kubwa zina vyumba vya kusubiri, tiketi yako ndiyo ruhusa, na baadhi zina vyumba vya kulala vinavyokodishwa kwa saa kwa kutumia PNR. Mgonjwa akishindwa kutembea, ulizia kiti cha magurudumu kwa msimamizi wa stesheni. Kukikucha, tafuta kibanda cha teksi na bajaji za kulipia kabla. Unalipa dirishani, unapewa karatasi yenye bei na unakokwenda. Karatasi ya dereva mpe ukishafika na mizigo yote ikishashushwa.